Shimo Lake Liko Wapi?

Tulisimama ukingoni, upepo ukitupiga hadi macho yakatoka machozi. Rafiki yangu Mkenya ninayesoma naye akashika chuma cha uzio, akachungulia chini, akatazama ng'ambo, kisha akatoa hukumu: "Aki ya nani, hii ni shimo tu. Na vile tumelipa!"

Nilicheka, maana alikuwa na haki ya kulalamika. Tulikuwa tumeendesha gari saa kadhaa kukatiza nyika kavu ya Arizona, tukaiacha barabara kuu karibu na mji mdogo wa Winslow, tukalipa kiingilio ambacho kwa shilingi zetu kinakaribia bei ya mfuko wa mbolea, mfuko ule ule ambao mama yangu huuhangaikia kila msimu kule Mbozi. Baada ya yote hayo, mbele yetu palikuwa na bakuli kubwa la vumbi na mawe. Upana wake ni kama mita 1,200, kina chake kama mita 170. Kushuka huruhusiwi. Kuna darubini zilizofungwa mahali pamoja, kila moja imeelekezewa kitu chake: jiwe lenye ukubwa wa nyumba, mashimo ya zamani ya wachimba madini, sanamu bapa ya mwanaanga aliyesimamishwa chini kabisa ili ujue jinsi pale palivyo mbali. Unachungulia, unapiga picha, unapita dukani, unarudi garini.

Lakini kicheko kilinikatikia kooni, kwa sababu sentensi ile niliwahi kuisikia. "Ni jiwe tu." Ndivyo watu wa kwetu wanavyosema wakiulizwa kuhusu Kimondo cha Mbozi. Ni shimo tu, ni jiwe tu. Wanaosema hivyo wanalaumiwa kila siku kwamba hawathamini urithi, hawapendi utalii wa ndani, wanasubiri Mzungu ndiye awaambie kuwa kitu chao ni kizuri. Mimi nasema hawana kosa. Kosa ni letu sisi tunaoandika vipeperushi, tunaopanga safari za shule, tunaorusha picha mtandaoni zenye maneno "tembelea vivutio vyetu". Tumewafundisha watu kwenda kutazama ukubwa. Wakifika wakaona ukubwa hauwatoshi, tunawageuzia kibao.

Nieleze nilivyojifunza hilo.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la sita. Wakati huo Mbozi bado ilikuwa mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe haujazaliwa. Tulichangishwa nauli, tukabanana kwenye basi la kukodi, watatu watatu kwenye viti vya wawili, tukaenda kijiji cha Ndolezi kuona kimondo. Nilikuwa sijalala usiku kucha. Kitu kilichotoka mbinguni! Tulipofika nikakiona kimelala kama ng'ombe aliyeshiba: urefu wake kama mita tatu, kimo chake kama mita moja, rangi ya chuma kilichokaa sana mvuani, mwili mzima una vibonyeo kama unga uliobonyezwa kwa dole gumba. Ncha moja ina alama za misumeno ya watu waliowahi kujaribu kukata vipande. Nilikigusa. Kilikuwa na joto la jua.

Mwalimu akafungua daftari akatusomea: uzito, urefu, mwaka 1930, chuma asilimia 90, nikeli asilimia 8. "Andikeni." Tukaandika. Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, kama kilianguka kutoka juu, shimo lake liko wapi?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu akanitazama kama mtu aliyetajiwa deni asilolikumbuka. "Wewe mtoto, umekuja kutalii au umekuja kuuliza maswali?"

Sina kinyongo naye. Alikuwa na watoto zaidi ya hamsini, jua la utosi, na dereva aliyekuwa akipiga honi. Naye alikuwa amepewa namba tu, akatupa alichopewa. Lakini sentensi yake nimeibeba hadi leo, kwa sababu nadhani ndiyo sera yetu halisi ya utalii, hata kama haijaandikwa popote. Kutalii ni jambo moja, kuuliza ni jambo jingine. Ukitaka kuuliza, nenda darasani. Na darasani ukiuliza, unaambiwa halimo kwenye mtihani.

Tazama neno lenyewe tunalolitumia. Kivutio. Kitu kinachovuta. Kinamvuta nani? Mama yangu anaishi mwendo usiozidi saa moja kwa bodaboda kutoka Ndolezi. Ana miaka zaidi ya hamsini. Hajawahi kukanyaga pale. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Lile ni la watalii, mwanangu." Jiwe limelala katika ardhi ya Wanyiha tangu enzi ambazo hakuna aliyekuwa na mizani ya kulipima, na mwanamke wa Kinyiha anasema ni la watalii. Neno kivutio limemvuta mgeni na kumsukuma mwenyeji.

Kisha tazama namba. Kumbukumbu za zamani husema kimondo kina tani 12. Hesabu za baadaye husema 16. Mimi mwenyewe nimewahi kusikia kikiitwa cha nne duniani, cha sita, cha nane, kutegemea anayesimulia anataka kukuvutia kiasi gani. Na kama ukubwa ndiyo hoja, basi tumekwisha shindwa kabla ya kuanza, maana kule Namibia kuna kimondo cha Hoba chenye tani kama 60. Mtu akikiona hicho, chetu cha nini?

Hata hili shimo la Arizona, kwa ukubwa, si kitu. Vredefort ya Afrika Kusini, iliyowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005, ni kovu la mgongano uliotokea miaka takriban bilioni mbili iliyopita, na upana wake wa awali unakadiriwa kwa mamia ya kilomita. Kaskazini ya Pretoria kuna Tswaing, shimo la kimondo lenye upana wa kilomita 1.13, karibu sawa kabisa na hili la Arizona. Chini yake kuna ziwa la maji ya chumvi. Jina lenyewe kwa Kitswana ni mahali pa chumvi, na watu wamechota chumvi humo vizazi na vizazi. Wangapi kati yetu tumewahi kulisikia? Arizona tunaijua. Kwa hiyo kinachoifanya Arizona iwe Arizona hakiko kwenye futi kamba. Kiko kwenye kisa cha jinsi watu walivyolisoma shimo lile, wakakosea, wakabishana, wakasoma tena. Na kisa hicho ndicho mimi na rafiki yangu tulikuwa tumekiruka. Ndani ya jengo la wageni kimeelezwa. Sisi tulipita moja kwa moja hadi ukingoni, kama tulivyofundishwa, kutazama ukubwa.

Upepo ndio uliotuokoa. Ulitusukuma ndani, tukakaa humo zaidi ya saa mbili.

Mwaka 1891 mtaalamu mkuu wa miamba wa serikali ya Marekani, Grove Karl Gilbert, alikwenda kulichunguza shimo hilo. Hakuwa mjinga, alikuwa miongoni mwa wanajiolojia bora wa zama zake. Vipande vya chuma cha mbinguni vilikuwa vimeokotwa kotekote katika eneo lile, kwa hiyo akajipangia majaribio. Kama chuma kikubwa kimezikwa humu, dira itayumba. Na kama kimezikwa humu, udongo uliorushwa ukingoni utazidi nafasi ya shimo, maana sehemu ya shimo itakuwa imejazwa na chuma chenyewe. Akapima. Dira haikuyumba. Udongo ulilingana na shimo. Akahitimisha kwamba shimo limefanywa na mlipuko wa mvuke wa volkano, na vipande vya chuma vilikuwepo kwa bahati tu.

Niliposoma hayo nilitamani kukaa chini. Gilbert alikuwa anauliza swali langu la darasa la sita, ila amelishika upande wa pili. Mimi nilikuwa na jiwe, nikatafuta shimo. Yeye alikuwa na shimo, akatafuta jiwe. Hakuna aliyemwambia amekuja kutalii.

Baadaye akaja Daniel Barringer, mhandisi wa madini. Huyu aliamini kimondo, na aliamini pia kwamba kimelala chini ya shimo, mamilioni ya tani za chuma na nikeli, utajiri wa kutosha wajukuu na vitukuu. Mwaka 1903 akalimiliki eneo, akaunda kampuni, akaanza kuchimba. Akachimba katikati, hakukuta kitu. Akachimba ukingo wa kusini, mashine zikakwama. Miaka ikapita, ishirini na zaidi, fedha zake na za wenzake zikamezwa na shimo. Mwaka 1929 wawekezaji wakamwomba mwanahisabati F. R. Moulton apige hesabu. Jibu lake likawa kwamba kitu kinachokuja kwa kasi ya namna ile hakizikwi. Kinalipuka. Nguvu ya mgongano inakigeuza sehemu kubwa kuwa mvuke na matone. Chuma ambacho Barringer alikuwa akikitafuta hakikuwepo. Mwezi Novemba mwaka huo huo moyo wake ukasimama, akafa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Barringer aliliona shimo na kujua limefanywa na nini, jambo ambalo wakubwa wa sayansi walikuwa wamelikataa. Juu ya hilo alikuwa sahihi. Lakini aliliangalia kwa jicho la mtu anayehesabu tani, na tani ndizo zilizomuua. Shimo lilikuwa lenye thamani tangu siku ya kwanza, likiwa tupu vile vile lilivyo.

Thamani gani? Nianze na ndogo. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitangaza kwamba ndani ya mawe ya shimo lile kuna koesaiti, aina ya madini inayohitaji mgandamizo mkubwa mno, ambao volkano haiwezi kuutoa pale juu ya ardhi. Tena Shoemaker alikuwa amesoma mashimo ya majaribio ya mabomu ya nyuklia jangwani Nevada, akaona ukingo wa Arizona una sura ile ile: matabaka ya miamba yamekunjuka na kupinduka, ya chini yakawa juu na ya juu yakawa chini, kama mkeka uliokunjwa pembe. Mwaka huo huo koesaiti ikapatikana kule Nördlingen, Ujerumani, mji mzima ulio ndani ya shimo la kale, ambao wakazi wake walikuwa wamejenga kanisa kwa mawe ya mgongano wakiyaita ya volkano. Kutoka hapo watu wakajua cha kutafuta, na mashimo yakaanza kutambuliwa duniani kote.

Kwetu tuna kosa lililo pacha wa lile la Gilbert. Mara ngapi nimeulizwa, na watu wenye shahada, kama Ngorongoro ilichimbwa na kimondo? Ngorongoro ni volkano iliyobomokea ndani yake yenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kiswahili kina neno kasoko kwa ajili ya mdomo wa volkano. Liko kwenye kamusi, liko kwenye vitabu vya jiografia, na halisikiki midomoni mwetu. Kila shimo tunaliita kreta, tukishaliita kreta tunasema lina ukubwa gani, basi. Mgeni anaondoka Ngorongoro akijua idadi ya simba na hajui amesimama ndani ya nini.

Sasa thamani kubwa. Kipande cha chuma kutoka shimo la Arizona kilifika mikononi mwa mwanakemia Clair Patterson. Alikuwa anataka kujua umri wa Dunia. Urani huoza polepole na kuwa risasi, ile metali ya kwenye betri za gari. Ukijua risasi ilikuwa kiasi gani mwanzoni, unaweza kupiga hesabu ya miaka. Mwanzo huo utaupata wapi? Ndani ya kimondo cha chuma, chenye risasi lakini karibu kisicho na urani, kwa hiyo risasi yake haijaongezeka tangu siku ilipoumbwa. Mwaka 1956 Patterson alichapisha jibu: miaka bilioni 4.55. Namba hiyo imo kwenye vitabu vyote, na imetoka kwenye "shimo tu".

Lakini alipokuwa akipima alikutana na kero. Sampuli zake zilikuwa zinachafuka. Risasi ilikuwa inatoka kila mahali: mavumbi, meza, nguo, nywele. Alilazimika kujenga maabara safi kupita kiasi ndipo apate jibu. Mtu mwingine angesafisha meza akaendelea na kazi. Yeye akauliza, risasi yote hii inatoka wapi? Ilikuwa inatoka kwenye petroli. Akapambana na wenye viwanda kwa miaka mingi, akanyimwa mikataba ya utafiti, na hoja yake ikashinda. Marekani iliimaliza petroli yenye risasi kwenye magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwisho wa 2005 kazi ilikuwa imekamilika.

Nilizaliwa mwaka 1999. Piga hesabu mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa mgongoni mwa mama, kando ya barabara ya Tunduma, nikivuta moshi wenye sumu inayodumaza akili za watoto. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye hawakuuvuta. Kilichobadilika kati yangu na wao kina mizizi mingi, na mzizi mmojawapo umeanzia ndani ya bakuli la vumbi ambalo rafiki yangu alisema tumeibiwa kulitazama. Hicho ndicho nitakachokumbuka nikiwa mzee. Mita 1,200 nimekwisha kuanza kuzisahau.

Tulitoka tena ukingoni jua likiwa limeteremka. Rafiki yangu alinyamaza kwa muda, kisha akanyoosha mkono. "Kwa hivyo hiyo nyekundu ndiyo ilikuwa juu? Na ikapinduliwa ikalaliwa na hiyo nyeupe?" Ndiyo. "Kwa sekunde ngapi?" Sekunde chache, kama kumi hivi. Akapiga mluzi. Shimo lilikuwa lile lile. Hakuna aliyelipanua tulipokuwa ndani.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: utalii ni fedha, mwanafunzi wewe unakula posho ya watu huko, acha nchi itafute dola. Sipingi fedha. Nimelipa kiingilio, na najua kiingilio ndicho kilichofanya shimo lile lisijazwe takataka. Ukoo wa Barringer uliokosa chuma bado unalimiliki, na tiketi ndizo zinazolilinda. Ninachosema ni kwamba fedha zilikuja kwa sababu kuna kitu cha kuelezwa. Kizuri chajiuza, tunapenda kusema. Si kweli. Kizuri kisichoelezwa huitwa jiwe tu, hata na aliyelipa.

Jibu la pili: mwananchi wa kawaida hataki mihadhara, anataka kupunga upepo, kunywa soda na kupiga picha. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu husemwa na watu wenye digrii mbili juu ya watu wasio nayo hata moja.

Usiku ule, kutoka moteli, nilimpigia mama. Kwake kulikuwa kumekucha, nikasikia kuku. Akauliza nimeona nini huko.

"Shimo, mama."

"Shimo la nini?"

"Lilichimbwa na kimondo. Kama kile cha Ndolezi, ila kikubwa zaidi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa chenyewe kiko wapi?"

Mama yangu aliishia darasa la saba. Alichukua nusu dakika kufika mahali Gilbert alipofika na dira yake. Nikamweleza kwamba kilikuwa kipande cha chuma chenye upana wa kama mita 50, kikaja kwa kasi ya zaidi ya kilomita kumi kwa sekunde, na kilipogonga kikalipuka chenyewe, kikaacha shimo na vipande vilivyotawanyika. Akasema, "Kumbe." Kisha akauliza, bila kujua alichokuwa anakifanya kwa mtoto wa darasa la sita aliyekuwa upande wa pili wa simu: "Na hiki cha kwetu, mbona hatujawahi kusikia kina shimo?"

Nilisubiri jibu hilo miaka kumi na minne, nikaishia kulitoa mimi. Nikamwambia, mama, yakumbuke malori yanayokatika breki mteremkoni. Lori lenye shehena upepo haulisimamishi, unyoya unausimamisha. Hewa iliyo juu yetu ni kama breki. Kile cha Arizona kilikuwa na mamia ya maelfu ya tani, hewa haikukiweza, kikafika chini na kasi karibu yote kiliyotoka nayo mbinguni. Hiki chetu ni tani 16. Hewa ilikipunguza sana mwendo kabla hakijagusa mlima, ndiyo maana kilibaki kizima. Shimo lilikuwa dogo, na mvua na udongo wa mteremko vimekwisha lifukia; hata chenyewe kilikutwa kimefukiwa, mgongo tu ndio ulioonekana, watu wakachimba kukizunguka. Kikubwa kilijimaliza kikaacha shimo. Kidogo kilijisalimisha kikaacha jiwe. Huwezi kukielewa kimoja bila kingine.

Tena nikamwambia kwamba ukikikata chuma cha namna ile na kukilainisha kwa tindikali, kinaonyesha mistari iliyopishana kama ukili, na mistari hiyo hujitokeza pale tu chuma kinapopoa polepole mno, kwa nyuzi zinazohesabiwa kwa kila miaka milioni. Hakuna mhunzi anayeweza kuifanya. Kwa hiyo mtu akikuambia ni chuma cha Wajerumani kilichoachwa wakati wa vita, unacho cha kumjibu.

Tuliongea hadi bando likaisha.

Basi madai yangu ni machache na si ya gharama. Kabla ya kuniambia kimondo kina tani ngapi, niambie tumejuaje kwamba ni kimondo. Niambie kwa Kiswahili kilichofikiriwa kwa Kiswahili, chenye kasoko na ukingo na tabaka na mgongano, badala ya sentensi za Kiingereza zilizovishwa kanga. Watoto wa shule wakija, walimu wao wapewe swali moja la kuanzia, na swali lile la shimo nawapa bure. Tarehe 30 Juni, siku ambayo dunia hukumbuka vimondo kwa sababu mwaka 1908 kimoja kililipuka juu ya misitu ya Tunguska, tusiishie kwenye hotuba za fursa. Mtu asimame mbele ya lile jiwe akiwa na ndoo ya mchanga na kokoto, waone wenyewe kokoto ikirushwa inafanya nini na ikidondoshwa inafanya nini. Hakuna haja ya mfadhili kwa ndoo ya mchanga.

Na wewe unayesoma, uliyesoma ukafika chuo, utakapokwenda Ngorongoro, Ndolezi, Winslow au popote, usikubali kuambiwa umekuja kutalii. Uliza. Uliza hata dereva anapopiga honi.

Mimi nitarudi nyumbani Agosti. Mama amekwisha kuniambia siku tutakayokwenda, Jumamosi, baada ya kuanika kahawa. Ameuliza kama wenyeji wanalipa na kama anaruhusiwa kukigusa. Ana swali jingine pia, anasema, lakini hataki kuniambia kwenye simu. Atamuuliza mwongozaji hapo hapo.